Nusu ya Pili ni Bubu

Alimkuta akikanyagakanyaga ukingo wa barabara kwa viatu visivyo vyake.

Ilikuwa soko la viatu vya mitumba, mchana wa jua kali, watu wamejaa njia nzima na kila muuzaji ananadi kumshinda jirani yake. Mhakiki alikuwa anatafuta viatu vyeusi vya kazini. Akamwona mwanamke wa gauni la kijani kibichi na kilemba cha rangi ya chungwa, amevaa mabuti ya kiume ambayo kila moja lingemeza miguu yake yote miwili. Anatembea, anasimama, anakanyaga kisigino, anarudia, na macho ameyafumba. Muuzaji alishamweleza kwamba hiyo si saizi yake, akajibiwa kwamba hilo linajulikana.

Mhakiki akaingilia. Akamwambia kwamba mumewe angekuja kuvijaribu mwenyewe, angempunguzia taabu.

"Sina mume, kaka," alisema yule mwanamke bila kufumbua macho. "Haya ni ya muuaji."

Muuzaji akaacha kunadi.

"Anamuua nani?"

"Mwenye nyumba wake. Kesho, tukishamaliza chai."

Ikabidi aeleze, maana muuzaji alianza kuyatazama mabuti yake kwa wasiwasi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza sauti za filamu. Mwigizaji anapotembea mbele ya kamera, hatua zake hazinaswi vizuri. Baadaye lazima mtu mwingine asimame studio, atazame picha, azitembee upya hatua hizo moja moja. Mifupa ikivunjika kwenye skrini, kuna mtu anavunja kabichi. Njiwa wakiruka, kuna mtu anapigapiga glavu za ngozi. Jina la mwigizaji hubandikwa ukutani kwa herufi za urefu wa mtu. Jina la aliyetembea kwa niaba yake halibandikwi popote, na mshahara wake huwa wa kuombwa.

Mhakiki alipojitambulisha kuwa ndiye anayeandika "Jicho la Ijumaa" gazetini, yule mwanamke alimpima kuanzia kola mpaka soli.

"Kumbe ndiye wewe? Nilijua ni mzee fulani hivi, ana kitambi cha hasira."

"Kitambi kinakuja."

"Wewe mtu hupendi kitu chochote duniani."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Watu walilifungua gazeti kutoka nyuma kwa ajili ya ukurasa ule. Kuhusu filamu ya vita iliyosifiwa kila mahali, Mhakiki aliandika kwamba askari wote walikufa wamenyoa ndevu. Kuhusu ile ya magari kufukuzana, kwamba magari yaliigiza vizuri ila waigizaji waliegeshwa. Filamu ya kutisha aliimaliza kwa kusema jini lake lina haya, kila likitokea linazima taa. Na ile ya mapenzi ya matajiri, ambamo wapenzi walikuwa wakigombana chumba hadi chumba katika jumba lisilo na mwisho, aliiuliza swali moja tu: nani anadeki? Wasomaji walilibeba swali lile mpaka kwenye vibanda vya chai. Mwenye Gazeti hakulipenda, lakini gazeti liliuzwa, akalimeza.

"Kobe nilimpenda," Mhakiki alijitetea.

Ni kweli. Juu ya filamu ya watoto ya kobe wa kuchorwa aliandika kwamba alilia, na asiulizwe na mtu.

Mwanamke akacheka mpaka kilemba kikalegea. Wakaondoka sokoni pamoja, mabuti ya muuaji yakiwa yamening'inia begani kwa Mhakiki. Kabla ya mwezi kwisha mwanamke alishamwita Mnuno, naye Mhakiki alimwita Kishindo, na simu zilikuwa hazikauki. Asubuhi Kishindo anapiga kuuliza kama Mnuno ameamka amenuna au ataanza baadaye. Jioni Mnuno anapiga kuuliza leo ameua wangapi. Dada yake Kishindo, ambaye Kishindo aliishi kwake, alilalamika kwamba sasa hata chumvi haiombwi mezani bila kwanza simu ijibiwe, na kwamba mwanaume mwenyewe alimwona, ananuna hata akitafuna.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mhakiki hakumwambia. Hakuwahi kumwambia mtu.

Masikio yake yalikuwa yamekufa nusu. Sauti nene alizipata: bunduki, ngoma, honi, mtu anayemwongelesha karibu, au kwenye simu iliyowekwa sauti ya juu. Sauti nyembamba zilimpita: tone la maji, kitambaa kikiburuzwa, mnong'ono. Hakuzaliwa hivyo. Kabla hajawa mwandishi alifanya kazi chini ya jengo lilelile, katika chumba cha mitambo ya kuchapia, ambamo mashine zilinguruma mpaka meno yakauma. Wafanyakazi waliomba vizibo vya masikio. Mwenye Gazeti alishuka mara moja, katika suti ya rangi ya maziwa, akajibu kwamba mtu aliyeziba masikio hasikii anapoamrishwa. Waliozidi kudai walitolewa getini siku hiyohiyo, mikono mitupu, na mmoja wao alikuwa ndiye aliyemfundisha Mhakiki kazi. Waliobaki wakajifunza kusomana midomo, maana mle ndani hapakuwa na njia nyingine ya kuombana spana. Mhakiki alipoanza kuandika maoni ya sinema na Mhariri akamtoa huko chini, alipanda ghorofani na ujuzi huo. Ukimtazama usoni, kwenye mwanga, alikupata kuliko mwenye masikio mazima.

Gizani aliitikia kwa kichwa.

Sasa Kishindo alikuwa mtu wa gizani. Alilelewa katika nyumba iliyojaa shangazi, ambako ulichosema chumbani unakikuta kinatembea uani. Mambo ya mzaha aliyasema mchana, kwa sauti. Ya moyoni aliyasema mara moja tu, taa zikiwa zimezimwa, mdomo ukigusa sikio. Kila alipofuatana na Mhakiki kwenye maonyesho ya mchana ya waandishi, picha ilipoanza alimwegemea na kunong'ona. Mle ndani alimsimulia jinsi mama yake alivyoondoka bila kuaga. Alimsimulia mtoto aliyempoteza kabla hajazaliwa, ambaye hata dada yake hakumjua. Mhakiki alipata joto la pumzi shavuni na harufu ya mafuta ya nywele. Alivipenda, akaitikia. Kishindo akaona amempata mtu anayejua kupokea jambo bila kulipigia kelele.

Wakati huo Kishindo alikuwa na kazi moja aliyoificha. Ilikuwa filamu ya mjane. Nusu ya kwanza, mama mtu mzima anamuuguza mumewe na kumzika. Nusu ya pili yuko peke yake ndani ya nyumba, na hakuna anayesema neno mpaka mwisho. Kamera inamwona anakunja nguo, anakoroga chai, anageuza shingo. Mume haonekani tena kabisa. Anasikika. Nyayo za miguu mitupu ukumbini. Kikohozi kidogo cha asubuhi. Kanzu ikisugua ukuta. Filamu nzima ilisimama juu ya sauti hizo, na sauti hizo zote zilikuwa za Kishindo. Aliitembeza ile miguu ya mzee msimu mzima, peku, juu ya mbao na saruji, mpaka nyayo zikapasuka. Mwenye studio alipoisikiliza mara ya kwanza alitoka nje kufuta machozi.

Siku ya kuwaonyesha waandishi, Kishindo alivaa gauni jeupe la vifungo vya bluu na akajipaka wanja, jambo ambalo hakulizoea. Katikati ya picha, mzee alipoanza kutembea, alimwegemea Mnuno wake.

"Hii ni yangu," alinong'ona. "Huyu mzee ni mimi. Kila hatua niliyopiga nilikuwa nakuwaza wewe, kwamba nikitangulia mimi au ukitangulia wewe, nyumba isinyamaze." Akameza mate. "Nikikuomba unioe, utakubali?"

Mhakiki aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuandika.

Kishindo alibaki ameushika mkono wa kiti mpaka taa zilipowashwa. Mhakiki alimbusu kwenye paji la uso, akakimbia gazetini kabla ukurasa haujafungwa.

Asubuhi nchi nzima ilisoma. Nusu ya kwanza, Jicho la Ijumaa liliandika, ina heshima. Nusu ya pili ni bubu. Mama anageuza shingo huku na huku kama aliyelalia mto mbaya, nasi tunamtazama tukisubiri apone. Kama filamu hii ilikuwa na fundi wa sauti, basi alisinzia mapema kuliko sisi.

Mwenye studio alifika na gazeti limekunjwa kwenye ukurasa huo. Mtu huyu alisikia zile nyayo kwa masikio yake, akalia kwa macho yake. Lakini gazeti lilimwambia kwamba hakusikia kitu, akaliamini gazeti. Mabosi wengi wako hivyo. Kabla ya saa ya chai alikuwa ameshampokonya Kishindo ufunguo wa studio na kumwambia asifike tena, maana sasa hakuna mwongozaji atakayetaka kazi yake.

Kishindo akapiga simu akiwa amesimama nje ya geti la studio.

"Mnuno."

"Kishindo wangu. Leo umeua wangapi?"

"Nimefukuzwa kazi."

Mhakiki alisimama. Aliuliza kisa. Akaambiwa asome alichokiandika.

"Ile ilikuwa yako?"

"Usinifanyie hivyo. Nilikwambia. Mdomo wangu ulikuwa sikioni kwako, nikakwambia ni yangu, ukaitikia."

Hapo ndipo Mhakiki alipoelewa. Alielewa vyote kwa mpigo, kama mtu aliyewashiwa taa usoni. Maneno ya kumwokoa mpenzi wake yalikuwa mepesi: sisikii, mama, sikusikia neno. Lakini Mwenye Gazeti alikuwa anapita katikati ya meza siku hiyo, mikono nyuma, akimwuliza huyu na yule habari za nyumbani. Mhakiki aliikumbuka ile mikono mitupu getini. Mhakiki wa filamu asiyesikia ataandika nini? Akashusha sauti.

"Kazi ni kazi, mpenzi. Ningekupendelea, ungeniheshimu?"

"Na lile swali nililokuuliza," Kishindo alisema, "nalo uliliitikia kikazi?"

Hakujua ni swali gani. Akaona aibu kuuliza.

"Tutazungumza," alisema.

"Umeshazungumza, gazetini. Sasa watu wanalifungia maandazi."

Akakata. Mhakiki alipiga tena na tena. Mara ya mwisho alipokea dada mtu, akamwambia kwa adabu iliyokauka kwamba nyumba hii haina shemeji, labda amekosea namba.

Alikaa na jambo hilo siku kadhaa, na katika siku hizo Kishindo alizunguka studio zote za mji. Kila mlango ulimfungukia, ukamwuliza kama ndiye yule aliyesinzia, ukafungwa. Wengine walimcheka kabla ya kuufunga. Dada yake alimshauri atafute kazi ya dukani. Kishindo alijibu kwamba atatafuta, kisha akalala ameelekea ukutani.

Filamu ya mjane ilikuwa inaondolewa. Mhakiki alikwenda kwenye onyesho lake la mwisho, alasiri, akakata tiketi kama mtu yeyote na kukaa katikati ya watu. Safari hii hakuandika. Nusu ya pili ilipofika, akamwona mjane anakoroga chai. Anaacha kukoroga. Anageuza shingo kushoto.

Na ukumbi mzima ukageuza shingo kushoto.

Mhakiki peke yake alibaki ametazama mbele. Vichwa vilirudi taratibu. Baadaye vikaelekea kulia, pole pole, vikifuata kitu kinachopita nyuma ya viti. Mbele yake mwanaume mmoja alivua kofia. Pembeni mama mmoja mnene alikuwa amejiziba mdomo kwa mtandio na mabega yanamtetemeka. Mhakiki alimgusa mkono, akamwomba radhi, akamwuliza kuna nini. Yule mama alimgeukia kwa mshangao, uso ukimulikwa na skrini, na Mhakiki akaisoma midomo yake.

"Mumewe amerudi. Humsikii?"

Aliandika siku hiyohiyo. Aliandika kwamba nusu ya pili ya filamu ile si bubu, kwamba ni yeye aliye kiziwi. Aliandika habari za vichwa vilivyogeuka, na mwanaume aliyevua kofia. Aliandika kwamba fundi wa sauti aliyemtukana alifanya kazi ambayo ukumbi mzima uliisikia isipokuwa mtu aliyelipwa kuisikiliza. Tena akaandika chumba cha mitambo: mashine, vizibo vilivyokataliwa, suti ya rangi ya maziwa, na wale walioondolewa getini, kwa majina yao.

Mhariri aliisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena. Alikuwa rafiki wa miaka mingi na alikuwa mwoga wa miaka mingi.

"Ya mwanamke nitaipitisha," alisema. "Hii ya chini haipiti. Nikijaribu kuipitisha, wataua yote."

"Ndiyo ukweli."

"Sikatai. Chagua."

Mhakiki alikuwa ameibeba hasira ile tangu ujana wake, ameilaza, ameiamsha, ameinywesha chai. Akachukua kalamu, akaikata sehemu ya mitambo kwa mkono wake mwenyewe, mstari kwa mstari. Hivyo wasomaji walisoma kwamba Jicho la Ijumaa ni kiziwi. Aliyemtia uziwi hawakumsoma. Ndiyo maana yameandikwa hapa.

Mwenye Gazeti hakuchelewa. Alimpa mkono, akamshukuru kwa utumishi, akasema gazeti si nyumba ya wagonjwa. Mhakiki alitoka kwa lango lilelile.

Lakini mjini watu walikuwa wameshaanza kuuliza iko wapi ile filamu ya kusikiliza. Ikarudishwa. Foleni ikazunguka jengo. Mwenye studio alimpigia Kishindo simu kwa sauti ya asali, akimwita binti yangu. Kishindo alimwacha amalize, kisha akamwambia ufunguo ule abaki nao. Studio kubwa ya mji mwingine, mbali, ilikuwa imeshamwita, na imekubali kuweka jina lake kwenye bango.

Alikwenda kwa Mhakiki adhuhuri moja, kabla ya kusafiri. Alivaa gauni la safari la kahawia na hakujipaka kitu. Chumba kilikuwa wazi, dirisha linaingiza mwanga wote, mabango ya filamu yakiwa yamebanduliwa na kuacha miraba myeupe ukutani. Alikataa chai. Akakaa kwenye kiti, akakisogeza mpaka uso wake ukaelekeana na wa Mhakiki, aliyeketi kitandani.

"Unaniona vizuri?"

"Nakuona."

Alisema kwamba amesoma. Alisema ya gazetini ameyasamehe, tena ameyasamehe yote, hata lile neno la kusinzia, na kwamba pole kwa kazi. Mhakiki alianza kulia, akamwambia kwamba alikuwa mwoga, kwamba angesema siku ile kwenye simu yasingefika huku.

"Siku ile si kitu," Kishindo alisema. "Nimekuja kwa ajili ya zile nyingine. Kila tulipoingia mle ndani nilikupa jambo. Sikuwahi kumpa mtu. Ukawa unaitikia. Nikirudi nyumbani nalala vizuri, najua sasa kuna mtu ananijua." Alimtazama. "Kumbe nilikuwa peke yangu."

"Niambie sasa. Yote. Kuna mwanga, nakutazama mdomo, hakuna litakalonipita."

Kishindo alijaribu, na hilo lisisahaulike. Alifungua mdomo, akaanza na neno mama, akanyamaza. Akaanza na neno mtoto. Mwanga ulikuwa mwingi mno na macho ya Mhakiki yalikuwa yameng'ang'ania midomo yake kama ya mtu anayesoma tangazo la kazi. Akatikisa kichwa.

"Hayatoki. Nilikuwa nayo ya kusema mara moja."

"Basi lile swali," Mhakiki alisema. "Hata lile moja."

Hilo alilisema, bila kupepesa. "Nilikuuliza kama utanioa."

Mhakiki alishuka kwenye kitanda, akapiga magoti sakafuni, akaishika mikono yake yote miwili.

"Jibu ni lilelile. Niliitikia na naitikia. Nioe, nikuoe, vyovyote utakavyo. Nitakuja huko uendako. Nitafanya kazi yoyote."

"Aliyeitikia hakuwepo, Mnuno," alisema kwa upole, akimpangusa uso kwa kidole gumba. "Na mimi nilimpenda yule aliyekuwa ananisikia. Nilimpenda sana. Sijui nitampata wapi."

Nje gari la kumpeleka lilipiga honi, na hiyo Mhakiki aliisikia. Kishindo akainuka, akanyoosha gauni, akachukua mfuko wake. Alipofika mlangoni alisimama, mgongo ukiwa umegeukia chumba, mkono kwenye kitasa. Akasema kwa sauti ndogo, kama anakiambia kile kitasa, kwamba angeambiwa siku ya kwanza, palepale sokoni, angejifunza kupaza sauti.

Mhakiki aliona mabega yakipanda na kushuka. Kichwa chake kilianza kuitikia chenyewe, kwa mazoea. Akakizuia.

"Sikusikia," alisema.

Kishindo aligeuka. Alimtazama kitambo, akausogeza uso wake kwenye mwanga ili midomo ionekane.

"Najua," alisema, akatoka.